Sinki kwenye kaunta ya vigae: maji hayavujii kwenye sinki, yanapenya kwenye mistari ya grauti

FundiKaunta (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Wiki iliyopita niliitwa kuangalia kabati la chini ya sinki lililokuwa linanuka. Mwenye nyumba alikuwa ameshabadilisha trapu (lile bomba lenye mkunjo chini ya sinki) mara mbili na chujio la tundu la kutolea maji mara moja, na bado kila asubuhi anakuta maji kwenye sakafu ya kabati. Nikaingia humo na tochi, nikalala chali. Mabomba yote makavu. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu, pale plaiwudi ilipokatwa, kidole kikazama. Mbao imekuwa laini kama udongo wa mfinyanzi.

Nikamwomba amwage kikombe kimoja cha maji juu ya kaunta, nyuma ya koki, si ndani ya sinki. Nikaanza kuhesabu. Sijafika thelathini, tone la kwanza likanidondokea kwenye kola. Lilitokea pale pale mstari wa grauti, ile saruji ya kujazia kati ya vigae, unapoingia chini ya mdomo wa sinki.

Ndiyo sababu ya uzi huu. Nimefanya kazi ya vigae na mabomba miaka mingi, na kosa hili nakutana nalo kuliko mengine yote, mpaka linaniuma, maana kulizuia ni kazi ya nusu saa tu.

Sinki la kudumbukiza lina mdomo unaolala juu ya kaunta. Kaunta ikiwa ya jiwe moja, mdomo unalala sawa pande zote. Kaunta ya vigae si hivyo. Mdomo unavuka mistari ya grauti, na kila mstari uko chini ya uso wa kigae kwa milimita moja, mara nyingine mbili. Ule mpira mwembamba unaokuja na sinki unagusa vigae tu, haufiki kwenye grauti. Kwa hiyo kila mstari unageuka mfereji mdogo unaoingia chini ya sinki, na mwisho wa mfereji ni ukingo mbichi wa mbao. Juu ya hayo, grauti ya saruji yenyewe inanywa maji. Ukiosha vyombo mara tatu kwa siku, mbao inanyweshwa mara tatu kwa siku.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hujachora chochote, fungua kabati uangalie chini. Kuna ubao wa katikati? Kuna droo? Bakuli la sinki lazima lipite, vibanio vya kulishikilia sinki kwa chini vipate nafasi, na mkono wako ufike kwenye nati ya koki. Upande wa mbele acha angalau sentimita 5 kutoka tundu hadi ukingo wa kaunta, maana kile kipande chembamba cha mbele ndicho kinachokatika.

Sinki likija na karatasi ya kielelezo, ilinganishe kwanza na sinki lenyewe ndipo uitumie. Isipokuwepo, pindua sinki juu ya kaunta, chora kulizunguka, kisha chora mstari wa pili ndani ya ule wa kwanza, umbali wa milimita 10 hadi 12. Huo wa ndani ndio wa kukata. Ule wa nje upige misalaba kabisa ili mkono usikosee. Na pima mdomo wa sinki lako kwanza, kuna masinki yenye mdomo mwembamba sana, milimita 12 kwake ni nyingi.

Bandika tepu ya karatasi juu ya vigae na uchore juu ya tepu. Kila kona toboa tundu la mviringo kwa kipekecho cha almasi, drili ikiwa kwenye kuzunguka tu, isigonge. Usikutanishe mikato miwili kwenye kona kali, maana ufa wa kigae huanzia hapo. Halafu grinda, diski ya almasi yenye ukingo mzima usio na mapengo. Mara ya kwanza pita kwa kina cha milimita 2, unakwaruza tu. Mara ya pili na ya tatu ndipo unazama. Ukiingia kwa pupa, uso wa kigae utamung'unyuka, na mapengo mengine mdomo wa sinki hautayafunika.

Vumbi la vigae na saruji lina silika (chembe laini za madini ya mchanga), na silika inaharibu mapafu bila kurudi nyuma. Vaa barakoa ya vumbi laini na miwani, fungua madirisha, mwenzako ashike mdomo wa mashine ya kuvuta vumbi karibu na diski. Grinda ya umeme ya kawaida usiimwagie maji.

Jambo jingine dogo: kabla ya mkato wa mwisho, weka nguzo ya mbao chini ya kipande kinachotoka. Kikidondoka chenyewe kinang'oa kigae cha jirani.

Tundu limetoka safi, na wengi hapa wanapaka silikoni na kuweka sinki. Ngoja. Hapa ndipo pa kutumia ile nusu saa.

Kwanza ukingo uliokatwa. Kama ni plaiwudi, upake epoksi au rangi ya mafuta mara mbili, ukiisukuma brashi hadi ndani ya nyuzi za mbao. Acha ikauke vizuri. Kisha mistari ya grauti, ile sehemu itakayofunikwa na mdomo tu, na sentimita moja zaidi nje yake. Kwangua grauti iliyolegea kwa ncha ya kisu, futa vumbi, jaza grauti ya epoksi hadi ilingane na uso wa kigae. Usiache bonde. Ikishakauka, simamisha rula ya chuma juu ya njia ya mdomo na umulike kwa tochi kutoka upande wa pili. Mwanga ukipita chini ya rula, maji nayo yatapita hapo. Mimi nazunguka tundu lote na rula hiyo, kipande kwa kipande.

Koki na chujio vifunge kwenye sinki likiwa bado mezani. Halafu futa vigae na chini ya mdomo kwa spiriti, vikauke. Paka mshipi mmoja wa silikoni usiokatika kuzunguka tundu, karibu na mkato lakini juu ya kigae, na nyuma ya koki ongeza kidogo. Teremsha sinki wima bila kuliburuta. Kaza vibanio kwa kupokezana, kimoja kushoto, kingine kulia, nusu mzunguko kila mara. Silikoni ikichuruzika nje pande zote, hiyo ni dalili nzuri. Pasipochuruzika pana pengo. Futa, toa tepu silikoni ingali mbichi, na usiguse kwa saa 24.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

---

Nyundo Mbili

Asante mkuu, hii ya rula na tochi nimeichukua. Lakini umeongelea plaiwudi. Kaunta ninazokutana nazo nyingi ni zege lililobandikwa vigae. Vibanio vinavyokuja na sinki la bati la pua havifiki hata nusu ya unene. Unafanyaje?

---

FundiKaunta

Swali la msingi hilo mkuu. Vibanio vingi vimetengenezwa kwa kaunta ya unene wa sentimita 3 hadi 4, na zege la kaunta mara nyingi ni sentimita 7 hadi 10. Usihangaike kuvirefusha kwa waya, nimeona ikifanyika na waya ukapata kutu ndani ya mwaka.

Kwenye zege ninategemea silikoni na uzito. Naweka sinki kwenye mshipi mnene wa silikoni, kisha naweka ndoo za maji ndani ya bakuli ili mdomo ukandamizwe sawasawa usiku mzima. Silikoni ikishakomaa, sinki halinyanyuki. Na ukifikiri vizuri, nguvu karibu zote kwenye sinki zinakwenda chini: maji, vyombo, mtu kuegemea. Kazi kubwa ya kibanio ni kuukandamiza mdomo ulale sawa wakati silikoni inakomaa, na ndoo zinaifanya.

Kuhusu kukata zege ambalo tayari lipo: kuna nondo humo. Za mbele, kwenye ule ukanda mwembamba, ndizo zinazoubeba. Usizikate kwa kubahatisha. Kama kaunta bado haijamwagwa, tundu liwekwe kwenye fomu ya kumwagia zege tangu mwanzo, vipimo vitoke kwenye sinki lililopo mkononi, si kwenye picha.

---

Zege Bichi

Mimi natofautiana na wewe kidogo, kwa heshima. Miaka yote nalikalisha sinki kwenye saruji kabla ya vigae, halafu vigae vinakuja kukutana na mdomo, juu sawa na juu. Hakuna ukingo unaozuia maji, unafagia maji kwa mkono yanaingia moja kwa moja kwenye sinki. Hakuna mfereji unaousema.

---

FundiKaunta

Mkuu, uzuri wa hiyo staili siupingi hata kidogo. Kaunta inayofutika moja kwa moja hadi ndani ya sinki ni raha ya mtumiaji. Na kwa sinki zito la chuma cha kusubu au la kauri inakaa muda mrefu.

Shida yangu ni sinki la chuma cha pua na grauti ngumu. Chuma cha pua hutanuka sana kwa joto, kigae hutanuka kidogo mno. Chukua sinki la sentimita 80. Likipata joto lote kutoka nyuzi 20 hadi 80, linarefuka karibu milimita 0.8. Ukimwaga sufuria ya maji yanayochemka haliwi moto lote kwa mara moja, najua, lakini mwendo upo, kila siku, kurudi na kwenda. Grauti ya saruji haina mnyumbuko huo. Inapasuka ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia, na hapo yapo juu ya saruji inayonywa.

Kwa hiyo kwa staili yako ningeomba jambo moja: kati ya mdomo na kigae acha nafasi ya milimita 3, usiijaze grauti, ijaze silikoni ya rangi ya grauti. Inatembea na chuma. Jambo la pili ni la siku sinki likichoka. Silikoni unaikata kwa wembe. Saruji utavunja vigae kulitoa.

---

Zege Bichi

Hiyo ya ufa kama unywele nimeiona sana, nilikuwa nadhani ni grauti mbovu. Silikoni nitaijaribu kazi ijayo. Ila ya kuvunja vigae ni kweli, sibishi.

---

Mama Wawili

Wakaka zangu, mimi si fundi ila nimesoma mwanzo mpaka hapa. Nina sinki la zamani limechoka, nataka kubadilisha mwenyewe. Vigae vyangu havitengenezwi tena, kikivunjika kimoja ndiyo basi. Naanzia wapi?

---

FundiKaunta

Dada, unaweza kabisa, na huo woga wa vigae ubaki nao, utakusaidia.

Kabla ya kununua, pima la zamani nje kwa nje, mdomo hadi mdomo. Jipya liwe na mdomo sawa au mkubwa kidogo. Likiwa dogo, alama ya la zamani itaonekana, na pengine tundu litakuwa kubwa kuliko sinki. Pima pia kina cha bakuli: bakuli jipya likiwa na kina zaidi, tundu la kutolea maji linashuka na huenda likawa chini ya bomba linaloingia ukutani. Maji hayapandi.

Kulitoa: funga maji, weka ndoo chini ya trapu, fungua bomba za chini, legeza vibanio vyote. Halafu silikoni ya zamani. Tumia kisu chembamba au wembe wa kukwangulia, ulale bapa, zunguka taratibu. Sehemu ngumu pitisha uzi wa kuvulia samaki chini ya mdomo na uuvute huku na huku kama msumeno. Usichokonoe kwa bisibisi ukiegemea kigae. Vigae vingi vinavunjika hapo, dakika ya mwisho, mtu akiwa amechoka.

Sinki likitoka, gonga kila kigae kuzunguka tundu kwa kifundo cha kidole. Kinachotoa sauti ya uwazi kimeachia gundi. Kisha bonyeza ukingo wa mbao. Ukiwa mgumu na mkavu, endelea kama nilivyoeleza juu. Ukibonyea, usiweke sinki jipya juu yake. Acha ukauke siku kadhaa, kata iliyooza, na uongeze vipande vya plaiwudi kwa chini kwa gundi na skrubu fupi zisizofika kwenye vigae.

---

Kalamu Nyekundu

Swali la silikoni. Dukani kuna yenye harufu ya siki na isiyo na harufu. Tofauti ni nini? Na mdomo ukishakaa, si ningepaka tu kwa nje kuzunguka, bila kulinyanyua sinki?

---

FundiKaunta

Yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokomaa. Kwenye kioo na kauri inashika vizuri sana. Kwenye saruji inashika vibaya, na mawe kama marumaru asilia inaweza kuyala uso. Ukingo wa kaunta ya vigae una saruji karibu kila mahali, kwa hiyo mimi natumia ile isiyo na asidi, ya vyumba vya maji, yenye dawa ya kuzuia ukungu. Soma ubavuni mwa kopo. Kama vigae vyako ni jiwe asilia, epuka pia ile puti laini ya mafundi bomba, mafuta yake yanaingia kwenye jiwe na kuacha doa.

Kuhusu kupaka nje tu: hapana mkuu. Silikoni ya nje inasuguliwa kila siku, inaanza kunyanyuka kwenye kona, na ikinyanyuka maji yanaingia ila hayatoki. Yanabaki yamefungiwa chini ya mdomo. Kizuizi cha kweli ni kile kilicho chini ya mdomo, usichokiona. Nyanyua sinki.

---

Mama Wawili

Nimerudi. Sinki la zamani limetoka, vigae vyote vizima! Mbao ngumu, nimepaka rangi ya mafuta mara mbili, mistari nimejaza. Lakini nikilijaribisha jipya bila silikoni, kona ya nyuma kulia linacheza. Rula inaonyesha kigae kimoja kimeinuka, kama milimita 2. Nikaze vibanio mpaka likae?

---

FundiKaunta

Hapana dada, usilazimishe kwa vibanio. La chuma litapinda mdomo na kufungua pengo upande mwingine. La kauri litapasuka.

Una njia mbili. Kama kigae kimeinuka sehemu itakayofunikwa na mdomo tu, kisage kidogo kidogo kwa jiwe la msasa wa almasi la mkono, ukilowesha kwa sponji. Ni kazi ya subira, lakini haina hatari ya grinda. Au kiache kama kilivyo, na pale penye pengo chomeka vipande vyembamba vya plastiki ngumu mpaka sinki litulie. Zipe alama sehemu hizo. Siku ya kubandika paka silikoni nyingi zaidi hapo, vipande vibaki ndani, na ncha zake uzikate ikishakomaa. Linganisha kwa pima maji pande zote mbili. Sinki lenyewe likae sawa kabisa, mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu upo tayari ndani ya bakuli.

---

Nyundo Mbili

Dada, nyongeza: ukifunga bomba za chini, lile la kwenda ukutani lipe mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita. Na usiondoe mkunjo wa trapu kwa sababu ya nafasi. Maji yanayobaki kwenye ule mkunjo ndiyo yanayozuia harufu ya bomba la majitaka isipande jikoni.

---

Mama Wawili

Nimechagua msasa, imenichukua jioni nzima lakini halichezi tena. Limekaa na silikoni tangu juzi. Leo nimefanya jaribio: nimeziba, nimejaza mpaka kwenye tundu la kufurika, nimetandika tishu kavu kwenye sakafu yote ya kabati, nikaachia maji yote kwa mara moja. Baadaye nikamwaga kikombe nyuma ya koki kama ulivyofanya wewe.

Tishu zote kavu isipokuwa moja, iliyo chini ya chujio. Ina doa la ukubwa wa sarafu. Nimekaza nati kwa nguvu zangu zote, bado.

---

FundiKaunta

Kikombe nyuma ya koki na tishu kavu! Hapo kaunta yako imepona dada, hongera sana.

Doa hilo ni la chujio, ni dogo. Na kukaza zaidi ndiko kunakoliongeza. Fungua nati yote uangalie mpangilio: washa (pete) ya mpira inagusa sinki, chini yake ile washa ngumu ya karatasi au plastiki, mwisho nati. Zikiwa zimebadilishana nafasi, nati inausokota mpira kila unapokaza. Angalia pia kama mpira umeshakunjika, na kama kuna mabaki ya silikoni au chembe ya grauti pale unapokaa. Safisha, panga, kaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha ongeza robo mzunguko kwa spana huku mwenzako ameshika chujio kwa juu lisizunguke.

Jaza tena, acha maji yalale humo usiku kucha, na utandike tishu mpya. Asubuhi tuwekee picha hapa.